Mama Rosa Anakuja Kutazama Gorofa

Jumatatu, 5 Februari 1951

Plasta tena. Gorofa ya tatu, upande wa barabara. Kibet anakoroga sementi chini, mimi napaka juu. Watu wamejaa tangu asubuhi, shingo nyuma, midomo wazi. Hakuna nyumba ndefu hivi Eldoret nzima. Itakuwa hoteli ya wazungu, na ikifunguliwa mlango wa mbele sitaukanyaga. Sijali sana. Ukuta huu nimeupaka mimi.

Kaburu mmoja alisimamisha gari lake la ng'ombe katikati ya njia ili atazame. Ng'ombe wakanya hapo hapo. Askari alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nimecheka nusura niangushe mwiko.

Jumatano, 7 Februari

Mzee mmoja wa Sugoi ameuliza wale watakaokaa juu watafuga ng'ombe wapi. Kibet akamwambia hawafugi. Mzee aliondoka akiwahurumia. Akina mama wa sokoni hawakanyagi kivuli cha nyumba, wanazunguka. Ati upepo wa mwezi wa tatu utailaza chini. Wengine wanasema sasa na sisi tuna mji kama Nairobi. Kila mtu ana neno, na wote wananiuliza mimi kana kwamba nyumba ni yangu.

Jioni mchumba wangu Rosa alipitia hapa akitoka kwa memsahibu wake, ambako analea watoto. Hakutaka kukaa. Mama yake, kule Kapseret, amesikia habari za gorofa. Anasema binti yake haolewi na mtu anayening'inia hewani kama popo. Nyumba itaanguka, Rosa atabaki mjane hata mtoto hajapata. Niache kazi, au niache Rosa.

Nimekasirika sana. Wazee walishakubaliana, ng'ombe walishafika, matangazo ya ndoa yanaanza kusomwa kanisani tarehe kumi na nane. Leo ndiyo wanakumbuka upepo?

Jumapili, 11 Februari

Mhubiri amefundisha mnara wa Babeli. Kanisa zima limegeuka kunitazama, hata mpiga ngoma. Nimeimba kwa nguvu ili waone siogopi.

Jumanne, 13 Februari

Kazi siachi. Rosa simwachi. Sijui nitafanya nini.

Ningekuwa na ruhusa ningeenda Kapseret nimweleze mama mwenyewe. Lakini wao na mimi ni watu wa Bunyore, na kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani. Akija njia hii mimi napita ile. Sura yake siijui, yangu haijui. Nitajiteteaje kwa mtu nisiyeweza hata kumsalimu? Rosa analia. Nami usingizi hauji.

Jumamosi, 17 Februari

Aibu. Aibu tupu.

Siku ya soko, umati kuliko siku zote, na upepo wa vumbi. Nilikuwa juu kabisa, namalizia pembe ya dirisha. Kutazama chini, namwona Rosa. Kando yake mama mnene, kitambaa cheupe kichwani, anaikazia macho nyumba. Ni mama yake huyo! Amekuja kujionea kama inatikisika! Na ngazi yangu inashukia karibu na miguu yake.

Nikampa mgongo. Nikapaka, nikapaka, naomba Mungu amwondoe. Haendi! Chai imepita, bado yupo. Kalasinga, mwenye kandarasi, alidhani leo nina bidii, akanisifu. Kisha nikamsikia yule mama akimuuliza Kibet:

"Huyo wa juu kabisa ni nani? Mkono yake imetulia."

Kibet, mjinga wa mwisho, akapaza sauti kwa furaha: "Yohana! Yohana wa Bunyore! Kuna mama hapa anakusifu!"

Nikageuka. Haki ya Mungu sijui kwa nini niligeuka. Macho kwa macho. Mimi nimesimama juu ya kichwa cha mama mkwe, na kaptura imepasuka nyuma tangu Krismasi. Akapiga ukemi, akajifunika shuka uso mzima, akakimbia hivyo hivyo bila kuona njia, Rosa nyuma yake.

Watu wakadhani nyumba inaanguka. Mbio! Mwenye ndizi aliacha ndizi, mwenye baiskeli aliacha baiskeli. Kalasinga alitoka ofisini ameshika kilemba. Barabara ikabaki tupu. Nyumba imesimama, na mimi juu yake, peke yangu, nataka kufa.

Jumapili, 18 Februari

Matangazo hayakusomwa. Mhubiri anasema ameambiwa angoje. Leo sikuimba.

Jumanne, 20 Februari

Baba mdogo, aliyenisemea kwa wazee, ametoka Kapseret jioni hii. Ameingia anacheka. Mama Rosa anadai kuku jike mweupe, kwa ile aibu niliyompa.

Nikafoka. Binti ananinyima, na kuku anataka? Baba mdogo akaniita mpumbavu. "Ungekuwa fundi wa kupita tu, angejifunika uso kwa nini? Kuku angekudai wa nini? Hiyo ni faini, na hudaiwa mkwe tu!"

Nikapiga kelele za furaha mpaka jirani wakagonga ukuta. Nimempenda yule mama. Nimempenda na kitambaa chake.

Jumatano, 21 Februari

Kuku nimempata, mweupe hasa. Kibet anataka kuja harusini. Nimemwambia atakuja, lakini atakaa amefunga mdomo.

Alhamisi, 22 Februari

Baba mdogo amepeleka kuku. Mama Rosa amempokea kwa mikono miwili, wakaomba pamoja. Matangazo yatasomwa Jumapili.

Walipomaliza aliuliza, bila kunitaja jina, kama kule juu kuna baridi. Baba mdogo akajibu ipo, hasa asubuhi. Mama akasema basi huyo mtu avae sweta.

Sina sweta. Nitatafuta.