Bibi na Bi Arusi Ndani ya Kompyuta Moja

Jumatatu, 4 Machi 2002

Toka Bweyeye hadi darajani, hakuna muntu anayejua kompyuta kunishinda mimi, Swedi. Nikiingia dukani zinawaka kwa heshima. Shule niliiacha katikati, na mpaka leo haijapata mwingine kama mimi.

Nimefagia. Nimepangusa vioo. Nimemchapia mwalimu mmoja wa Gitambi barua ya kuomba kazi, nikamsahihishia makosa. Ameyarudisha yote. Shauri yake.

Jioni batoto wamejaa kucheza mbio za magari. Bibi amechora bila kulalamika. Bibi ni karti yangu ya picha, ile sahani ndogo ndani ya kompyuta inayochora kila kitu kwenye kioo. Ni mzee, ni wa polepole, hajawahi kuniangusha. Nilimtoa kwenye kompyuta mbovu iliyotupwa na ofisi moja ya misaada walipofunga virago baada ya vita. Walisema amekufa. Nilimfufua mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Balaa limevuka daraja. Kazungu, mwenzangu wa kazi, ametoka Bukavu kwa mjomba wake na karti mpya. Ina feni yake yenyewe, ndogo kama sarafu. Huyu Kazungu alizaliwa Kongo, wazazi wake wakarudi huku, na mpaka leo hata mbuzi anamsemesha Kifaransa.

Papa Idi, mwenye duka, anafungua chumba cha pili sokoni. Ametuita. Karti itakayofanya kazi vizuri zaidi ndiyo itaenda kule, na mwenye karti ataenda nayo kuwa mkubwa wa chumba. Atakayeshindwa atabaki hapa na ufagio.

Nakitaka kile kiti cha mkubwa. Nimeshamwambia mama kuwa ni changu. Mama ameshauambia mtaa.

Jumatano, 6 Machi

Jaribio. Kompyuta ileile, mchezo uleule, barabara ileile, tunabadilisha karti tu. Mchezo wenyewe unahesabu picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Bibi: kumi na nane. Karti ya Kazungu: hamsini na kitu. Nimesema namba si kitu.

Halafu likaja ziwa. Barabara ya mchezo inapita kando ya maji. Kwa Bibi yale maji ni bati lililopakwa bluu. Kwa ile nyingine yanatembea, jua linavunjika ndani yake. Batoto wamesogea wote kwenye kioo. Maman Chantal, anayetuletea sambaza, dagaa wa ziwani, toka Nkanka, ametua beseni akaangalia.

"Hii maji iko ya uongo," akasema. "Ingekuwa ya kweli, samaki ingeruka."

Nilitaka kumkumbatia. Ila aliendelea kuangalia mpaka nzi wakamaliza kuonja sambaza.

Kazungu: "Swedi, Bibi yako anatembeaka na fimbo!"

Mimi: "Na yako ni bi arusi. Hajapika hata ugali, tayari anajipepea!"

Watu wamecheka sana. Jina limeshika, Bi Arusi. Lakini nalala na hasira. Yale maji ni mazuri.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu yupo, na anaishi jirani, kwenye mashine ya kusaga mihogo!

Mashine ikianza, kuran, yaani umeme, inashuka, taa zinakuwa njano kama kiini cha yai. Leo imeanza Bi Arusi akiwa kazini. Pu! Kioo cheusi, kompyuta ikajizima na kujiwasha. Tukajaribu tena. Pu! Nikamrudisha Bibi. Mashine ikanguruma, taa zikafifia, Bibi akaendelea kuchora bati lake. Bibi hali sana. Kijiko kimoja cha kuran kinamtosha.

Nimecheza rumba toka mlangoni hadi barabarani.

Kazungu: "Papa Idi, kosa si ya karti, ni ya kuran!"

Papa Idi: "Na kule soko, kuran inaletwaka na malaika?"

Ha! Hukumu ni Jumapili, mbele ya watu.

Ijumaa, 8 Machi

Duka limefungwa kwa swala. Nimetoka msikitini nikamkuta Kazungu ananingoja barabarani. Anasema meno ya Bibi, yale yanayong'aa chini yanayouma ubao wa kompyuta, yamekuwa meusi kwa uchafu. Fundi wa Bukavu anayapangusa kwa pombe kali ya famasi. Papa Idi hataki pombe ivuke mlango wake, hata ya kuoshea mashine, kwa hiyo Kazungu ameficha kichupa kwao. "Kuja nikupatie, ndugu yangu."

Nimemjibu Bibi ni Mwislamu, hanywi. Nani anaomba dawa kwa adui wakati ushindi uko mlangoni?

Jumamosi, 9 Machi

Mama amesugua sinia la shaba kwa limau na majivu. Lilikuwa jeusi kama sufuria. Sasa najiona humo na uzuri wangu wote.

Akili kama yangu haipumziki. Nimemleta Bibi nyumbani, nikachukua kipande cha limau na majivu kidogo. Meno ya Bibi yanawaka! Nimemwanika juani nyuma ya nyumba. Hata fundi wa Bukavu angekuja kujifunza.

Kesho, kiti.

Jumapili, 10 Machi

Watu mpaka dirishani. Mama amevaa kitenge kipya.

Bibi ametoa mistari ya kijani. Halafu herufi kama zimeandikwa na majini. Halafu giza, na harufu ya kuungua. Mashine ya jirani ilikuwa imelala, hawasagi Jumapili. Nimemtoa, nimempuliza, nimemrudisha. Giza.

Papa Idi ameniwekea mkono begani. "Pole, kijana. Ni uzee tu."

Nimedaka hilo neno. Nimetoa hata hotuba: Bibi ametumika, Bibi ameona vita, sasa anapumzika. Maman Chantal amefuta machozi. Kazungu hakunicheka. Hapo ndipo paliponiuma.

Bi Arusi akaingia, ziwa likatembea. Kiti ni cha Kazungu.

Jumatano, 13 Machi

Nimefagia. Jirani wanasaga.

Kazungu amemtuma mtoto: chumba cha soko kina nyaya, hakina muntu wa kuzijua. Nimeenda. Tumefunga kifaa cha kutuliza kuran, nikachagua mimi, kwa sababu najua. Akanipisha nicheze wa kwanza. Nimepita kando ya ziwa polepole, magari yote yakanipita, sikujali.

Amesema tena, Bibi alikuwa mzee, alifanya kazi yake. Nimesema ndiyo.

Bibi yuko hapa kwenye droo, nimemfunga na kipande cha kitenge. Nimemfungua sasa hivi. Meno safi kabisa.

Si uzee. Bado ananuka limau.