Dagaa wa Hadija na Fulana za Bluu

Dada Foibe,

Sijui kama huko uliko habari za Ilagala zinafika. Kama zimeshafika, nivumilie nizirudie, maana zimenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka, na humu nyumbani wanangu wameshachoka kunisikiliza.

Tulikwenda misheni Ilagala bila wewe. Afadhali tungebaki.

Tangu tukuzike, kundi letu la injili limepewa kiongozi mpya, Ndugu Baraka, yule mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma wakati wewe umeanza kuugua. Anaomba vizuri, simnyimi haki yake. Lakini maandalizi yake yalikuwa fulana. Vikao vyote fulana: rangi gani, mgongoni iandikwe nini, nani anavaa kubwa na nani ndogo. Zikaja za bluu. Halafu zikaja spika, halafu jenereta ya hizo spika. Mimi nikanyoosha mkono, nikauliza nani atatangulia kwa wenyeji. Wewe ulikuwa hukubali kundi liondoke kabla mimi na wewe hatujakwenda kulala kwa mwenyeji wetu Hadija, kuuliza nani kafiwa, nani mgonjwa, mwezi umefikia wapi. Akasema wenyeji wamepigiwa simu. Nikasema, na mwezi je? Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Mama Yoeli, sisi hatufuati mambo ya mwezi. Tunafuata Roho."

Na watu wakasema amina, Dada. Watu waliozaliwa kandokando ya ziwa hili wakasema amina.

Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mgeni, kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, wavuvi hawaingii ziwani, wanaume wako majumbani na wanawake wana nafasi. Giza likirudi, usiku ni kuvua na mchana ni kuanika, hakuna mwenye sikio la mahubiri. Akajibu kwamba likizo yake imeshapangwa na haihami.

Basi tukaenda siku za giza. Tunashuka kwenye boti asubuhi, ufuko wote umetandazwa dagaa, wanawake wameinama, hata shingo hawainui. Hadija aliacha wa kwake akaja kutupokea, mikono imejaa magamba. Huyu ni Hadija yule yule, Mwislamu wa swala tano, aliyetupa ua wake tulale miaka yote na hakutuuliza tunamwomba nani. Siku ya kukuzika alilia kuliko wanakwaya. Akapiga vikofi vyake, akatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye." Nikaitikia peke yangu. Nikageuka kuwatazama wenzangu, nikakuta wamevuta kola za zile fulana mpya wameziba pua.

Ndugu Baraka ningemsamehe, kwao hakuna ziwa. Lakini Mama Rehema! Mzaliwa wa Katonga, ufukweni kabisa! Dagaa ndio waliomsomesha, leo anaziba pua mbele ya mwanamke anayewaanika. Nilitamani niishike ile kola niivute mpaka chini.

Ikatafutwa sehemu tambarare ya kuweka spika. Ufukweni pale sehemu tambarare ni ya dagaa. Wakazishika nyavu za kuanikia wakazikokota pembeni, dagaa wabichi wakarundikana kama takataka, nawe unajua dagaa aliyerundikwa juani anageuka nini. Ndugu Baraka akajaribu kipaza sauti: "Haleluya! Harufu hii na ishindwe!" Wakacheka. Wale wanawake hawakucheka. Hadija alipiga magoti akaanza kutandaza upya.

Na bado alitupikia. Ugali wa muhogo, dagaa kwa mawese, vilevile. Mmoja akasema tumbo linamsumbua, mwingine akasema amefunga, na huku mifukoni wanatafuna biskuti. Nilizunguka nyuma ya jiko nikamkuta Mama Rehema anawamwagia bata chakula cha Hadija. Nikashikwa na kinyaa, Dada. Sikukionea chakula wala harufu, niliwaonea watu ninaosimama nao kwaya moja.

Nikalikumbuka sinia lako. Kila safari ilipokaribia ulikuwa unatukalisha sebuleni kwako kwenye sinia moja, ugali huo huo, dagaa hao hao, wewe huli, unatazama mikono tu. "Anayechagua hapa, abaki hapa." Ulimbakiza hata mtoto wa mchungaji kwa sababu alikuwa anakata vichwa vya dagaa anaviweka pembeni! Tulikuona una vituko. Kumbe ulikuwa unamlinda Hadija.

Jioni walihubiri. Wanaume wako ziwani, wanawake wamechoka, wakahubiriwa watoto na mbuzi. Jumapili kanisani Ndugu Baraka akatoa ushuhuda kwamba Ilagala imefunguka, akaonyesha na picha. Nilitoka katikati ya haleluya, nikatema mate kwenye maua ya mchungaji. Mungu anisamehe, maana maua hayana kosa.

Nikarudi Ilagala peke yangu. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama ule mlango uliotufungulia wewe bado upo. Hadija alikuwa ufukweni. Hakupiga vikofi, hakuniletea kigoda. Nikavua viatu nikainama, nikaanza kuwageuza dagaa upande wa pili wa wavu. Aliniacha hivyo mpaka jua likawa kali. Ndipo akasema:

"Foibe alikuja na mikono. Hawa wamekuja na midomo."

Nikamuuliza kama tunaweza kuja tena. Akafikiri sana, akasema ua wake hajaufunga, mimi nije hata kesho. Ila yule wa kipaza sauti hatakanyaga kwake mpaka aje kwanza siku za giza, aanike dagaa pamoja nao kutwa nzima, pua wazi.

Ujumbe nimeufikisha. Ndugu Baraka amesema ataliweka hilo katika maombi. Nami namwomba Mungu aniondolee kinyaa hiki, na kila nikimaliza kuomba nakikuta pale pale. Labda ameniachia kwa sababu kina kazi.

Binti yako alinipa lile sinia siku tulipoanua matanga. Lilikuwa limening'inia ukutani nikilionea huruma kulitumia. Leo nimelishusha nikalisugua kwa mchanga mpaka linang'aa. Pumzika, dada yangu, safari zako zimekwisha na ulizifanya vizuri. Nakuahidi hakuna fulana itakayopanda boti kwenda kwa Hadija bila kupita kwenye sinia hili. Nitaanza na Ndugu Baraka. Vichwa vya dagaa sitavikata.

Mdogo wako katika Bwana,
Mama Yoeli