Yule Mama wa Tamthilia Hakulia

Jumatatu, 2 Juni
Nimefua. Nimeanika kahawa kidogo ya hapa nyuma ya nyumba. Ilipofika saa ya tamthilia nikakaa. Koku, binti yangu, akakaa pembeni, khanga mabegani kama mtu mwenye homa. Macho yapo kwenye televisheni lakini hatazami.

Tangu nimlete hapa Buhembe kutoka kwa mume wake kule Kamachumu, haongei. Anajibu tu. Ndiyo mama. Hapana mama. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa, hakumaliza siku, akafa. Wamama wa kule walisema Koku asionyeshwe, na asilie, akimlilia kichanga tumbo litafunga, hatazaa tena. Na mimi nikasema hivyo hivyo. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto akazikwa jioni ile ile, mama yake bado yuko kitandani hospitali.

Mimi mwenyewe sisikii kitu. Kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi.

Jumanne, 3 Juni
Yule mama wa tamthilia ameniweza leo. Ndiye ninayempenda kuliko wote. Wengine wakipewa habari mbaya wanapiga yowe, wanashika kichwa, wanaangukia kwenye kochi vizuri wasiumie. Yeye hapana. Mume wake kamwambia anaoa mwingine. Yeye anaendelea kupanga vikombe. Kimoja tu kikagonga. Sauti wamemwekea ya Kiswahili, maneno si yake, lakini kule kugonga ni kwake mwenyewe. Nilisisimka. Ni kitu pekee kilichonigusa siku hizi, na ni cha uongo. Naona aibu.

Yupo pia mzee mmoja wa filamu zetu za hapa nchini. Akiigiza mlevi hayumbi. Anajitahidi kutembea vizuri. Hapo ndipo unajua kalewa. Marehemu baba Koku akitoka kunywa rubisi alikuwa hivyo hivyo, anashika ukuta kama anaukagua. Nikamkumbusha Koku. Zamani tungecheka mpaka machozi.

Ndiyo mama, akasema.

Alhamisi, 5 Juni
Wametangaza ya kesho. Mtoto wa yule mama yuko kitandani, anahema. Nimeshajua inakoelekea. Koku alikuwa uani. Nikachomoa waya wa dishi kule nyuma, nikamwambia king'amuzi kimekwisha malipo. Akasema sawa.

Tabu ni jirani, Mama Byera, anayekuja kutazama kwangu kila siku.

"Kimekwisha vipi, waitu, na mwezi ndio kwanza umeanza?"

"Kimekwisha."

"Basi tuchange."

"Tuache tu, Mama Byera. Na macho yananiuma."

"Jana hayakukuuma ulipokuwa unamtukana yule mke mdogo."

Akaenda zake anacheka. Mimi kuigiza siwezi kabisa.

Ijumaa, 6 Juni
Mama Onesmo, mama wa mume wake Koku, kapiga simu. Wanakuja Jumatatu kumchukua. Kahawa imeiva na wachumaji hakuna. Tena akikaa sana kwetu watu watasema ameachika. Nikasema sawa, ningesema nini.

Nimemwambia Koku. Ndiyo mama.

Hajauliza kitu. Hajakataa. Angekataa ningefurahi. Naogopa kumtoa akiwa hivi. Kule nani atamwangalia? Nimebeba sumu ya panya nikaipeleka kwa Mama Byera. Nimesema kwangu panya wameisha.

Jumamosi, 7 Juni
Mama Byera kaingia mchana bila hodi. Jana alitazama kwa mdogo wake.

"Mmekosa! Yule mtoto amekufa! Na mama yake, mawe, mama wee, hakutoa hata chozi! Mwanamke gani yule!"

Ndipo akamwona Koku kwenye mkeka. Akaziba mdomo. Nilitaka ardhi immeze, na mimi inimeze.

Koku akainua kichwa.

"Hakulia?"

Swali la kwanza tangu aje. Mama Byera akatikisa kichwa tu, mkono bado mdomoni.

"Mama, chomeka waya."

Kumbe alijua. Nilikwenda kuchomeka. Jumamosi wanarudia za wiki nzima. Tukakaa watatu. Nilikuwa simwangalii yule mama, namwangalia mwanangu.

Ikafika. Watu wametoka makaburini. Yule mama kabaki nyumbani, hakupelekwa. Kumbe na kwao ni vile vile. Akaona kiatu cha mtoto mlangoni. Akakiinua. Kina mchanga ndani. Akatoka nje akakikung'uta, akakifuta kwa upindo wa gauni, akakirudisha kwenye mstari na vya wenzake. Akakisogeza kidogo kikae sawa. Akaingia ndani akauliza leo watu watakula nini. Basi. Kamera imekaa usoni pake na uso hauna kitu.

"Mnaona?" Mama Byera akasema polepole. "Moyo wa jiwe."

"Hapana," Koku akasema. "Mama Byera, usitazame macho. Tazama shingo."

Tukatazama. Shingo ilikuwa inameza. Inameza, inapumzika, inameza tena. Na mdomoni hana kitu.

"Huyu anajua," Koku akasema. "Sijui nani kamfundisha, lakini anajua."

Mimi nilidhani namjua yule mwigizaji, eti mimi ndiye mtazamaji. Nilikuwa naona vikombe tu.

Halafu, macho bado kwenye televisheni:

"Mama. Alikuwa na nywele?"

Nilijua anamuulizia nani. Na nilijua walivyosema wamama. Nikajibu.

"Nyingi. Mpaka shingoni huku."

"Alifanana na nani?"

"Midomo ya Onesmo. Vidole vyako."

"Alilia?"

"Kidogo. Sauti ndogo ndogo."

Akauliza yote. Kama alikuwa mzito, kama macho aliyafungua, nani alimshika. Nikajibu yote. Tamthilia ikaisha, yakaja matangazo, ikaja habari, hakuna aliyezima. Mama Byera aliondoka bila kuaga, akavuta mlango taratibu.

Hatukulia. Nilingoja nilie, machozi hayakuja.

Mwisho akasema: "Jumatatu wasije kunichukua. Nakwenda mwenyewe kesho. Nataka kuona mahali alipozikwa."

Jumapili, 8 Juni
Kanisani hatukwenda. Tumefika Kamachumu watu wakitoka ibadani. Mama Onesmo alipoambiwa tumefuata nini alisimama mlangoni.

"Tangu lini, Mama Koku? Kule hakuna kaburi. Kule ni migomba tu."

Nikamwambia mimi ndiye nimemleta.

Onesmo alikuwa pale pale uani, amekonda huyu kijana, sikuwa nimeona. Hakumjibu mama yake. Akatangulia migombani, Koku nyuma yake, mimi nyuma ya Koku.

Hakuna tuta. Majani makavu ya mgomba tu, kama penginepo. Onesmo ndiye aliyezika, yeye na baba yake, kwa hiyo anapajua. Akaonyesha kwa mkono wazi, si kwa kidole. Koku akasimama.

Akapatazama.

"Nilimviringishia fulana yangu," Onesmo akasema.

"Ipi?"

"Ile ya bluu. Ya mpira."

"Nilipofungasha niliitafuta," Koku akasema. "Niliitafuta sana."

"Ndiyo hiyo."

Koku akakaa chini, juu ya majani. Onesmo akakaa. Bega lake lilianza kutikisika, na Koku akamwekea mkono mgongoni, akawa anampapasa kama anayembembeleza mtoto alale.

Nikawaacha.

Uani Mama Onesmo alikuwa anageuza kahawa kwenye jamvi, peke yake. Nikapiga magoti upande wa pili, nikageuza na mimi. Baadaye akasema, bila kuinua uso, kwamba yeye walimzikia vichanga wawili kule kule, na mpaka leo hajui ni wapi.

Wingu likapanda kutoka ziwani. Tukaanua.