Benchi ya Maman Martine

Siku ya pili, 8 octobre 2024

Nimekimbia paka kule juu Kasha na kurudi. Matope! Lakini miguu iko muzuri, na moyo iko muzuri zaidi.

Pa kona ya soko Parfait, kijana wa Kasha, alinipigia kelele sawa kila asubui: eti Maman Carine, mwizi amepita huku, umufukuze! Na watu wote wanacheka. Nilimujibu mwizi ni yeye, alikula samaki sambaza yangu siku ya posho na hakusema aksanti. Kesho anarudi Kamituga, ku mashimo ya dhahabu. Nitapata utulivu.

Jioni, réunion ya komite ya mbio. Komite! Watu wane na megafoni moja. Président ni Papa Honoré, alikuwa mwalimu ya gym paka alipopata retraite ya uzee, na sauti ya filimbi bado iko mu koo yake. Amesema: mwaka huu ni mbio ya kweli. Fédération inatuma muntu na karatasi. Mwanamuke wa kwanza na mwanaume wa kwanza wanaenda Kinshasa, ku mbio ya inchi nzima. Na ndege!

Niliweka chupa ya Fanta chini. Mimi mwenye mbali yangu yote ni Luberizi, tena juu ya lori ya mupunga, tena ku kilio ya shangazi.

Miaka mbili sasa niko wa pili. Miaka mbili naangalia mugongo ya Noëlla. Hii mugongo naijua kuliko uso yake. Musichana anatafuna chewing-gum akikimbia — akikimbia! — na hasalimie muntu. Mimi niko na miaka 38. Magoti imeanza kusema asubui. Donc ni sasa. Ni sasa ao basi.

Siku ya Mungu, 13 octobre

Papa Honoré ameniweka ku commission ya parcours, ya kupima barabara ya mbio. Nilisema: Papa, mimi niko wa kukimbia. Akasema: njo maana, utajua barabara. Commission yenyewe ni mimi na Guy, bwana yangu, juu iko na moto, pikipiki yake.

Kisha misa tulienda kupima. Toka Place, pa kuanzia, kushuka Brasserie, kupanda Bagira, kufika Kasha. Compteur ya moto ya Guy ilisema hatujatoka fasi yetu! Ameipiga teke, ikasema tumefika karibu Uvira. Tulienda kuazima moto ya rafiki yake.

Basi. Ili ikuwe kilometa 21, vingt-et-un, lazima watu wageukie kule juu Kasha, mbele ya mulango ya Maman Martine, mama ya Parfait. Njia ingine haiko. Ile ya chini mvua imeila, imebaki shimo tupu na kipande ya ukuta ya muntu. Na kukata haiwezekane: kama haitimie, muntu ya fédération hatatia sahihi.

Nilimuambia Papa Honoré vingt-et-un haiko marathon, ni nusu. Amekasirika. Eti wale wenye walipima marathon walipima ku inchi ya tambarare, waje Bukavu wapande Bagira kwanza.

Siku ya tatu, 16 octobre

Siku nzima ku moulin, kusaga. Bugali ya watu ni mingi, unga paka mu masikio. Tonton Anaclet, boss, alinikuta nanyoosha miguu nyuma ya mashini, muweupe kichwa na nyusi. Aliuliza kama mizimu pia iko inaenda Kinshasa.

Acha acheke. Nilimaliza mifuko yote, nikatoka, nikapanda mulima mara mbili.

Siku ya pili, 22 octobre

Parfait amekufa.

Shimo ilianguka jana Kamituga. Yeye na wengine. Guy aliniletea habari toka ku parking ya ma moto. Nilikuwa nafunga kamba ya basketi. Sikukimbia.

Maman Martine amekataa wamuzike kule. Anasema lazima aone uso ya mutoto yake. Wanatafuta jeep.

Alikuwa ananipigia kelele. Ni vile tu. Kelele ya asubui. Nalia sawa mujinga.

Siku ya ine, 24 octobre

Ile barabara ya Kamituga! Jeep yenye kubeba maiti imekwama ku matope, ma lori mbele, ma lori nyuma. Hakuna mwenye anajua itafika siku gani. Na kilio iko inaendelea Kasha: bâche, turubai ya kukinga mvua, wameifunga toka ku nyumba paka ku muti wa upande ingine. Barabara iko chini ya bâche. Barabara YETU. Mbio ni siku ya Mungu.

Mu komite mumoja alisema tukimbie tu, watu watapita pembeni. Nilimuuliza kama iko na mama. Papa Honoré akasema: Maman Carine, wewe unaishi upande ile. Tuende, mimi na wewe.

Alitengeneza hotuba mu Kifaransa, ku kipande ya karatasi. Tulifika, tukavua kofia, tukakaa ku benchi na wengine. Tukakaa. Wamaman walikuwa wanaimba pole pole. Papa Honoré akatosha karatasi, akaangalia Maman Martine, akarudisha karatasi mu mufuko.

Njo mimi nikasema. Nilisema vibaya, haraka haraka, mbio, Kinshasa, fédération, haya ilinishika paka shingo. Alinisikiliza paka mwisho. Macho imekauka kabisa.

Akasema: barabara haiko yangu, mupite. Bâche tutainua. Lakini ku mulango yangu muntu hapite sawa vile hakuna kitu. Kila mwenye atapita, akae. Ata kidogo. Anipe mukono. Kisha aende.

Papa Honoré akasema ndiyo maman, mbele ya kufikiri. Tulishuka mulima paka Brasserie. Halafu akasema: "Sasa hii naiandika namna gani mu règlement ya mbio?"

Lakini Maman Martine iko na haki. Nani anapitaka kilio bila kukaa? Ata motard anazima moto. Ata mulevi.

Siku ya tano, 25 octobre

Ameiandika! Ku mwisho ya règlement, na amesoma mu megafoni mbele ya wakimbiaji wote: Kasha, kila muntu anakaa ku benchi, anatoa pole, anapata élastique yake ya mukono ya kuonyesha amefika, njo anageuka. Mwenye hakukaa hakufika. Ilikuwa wazi, ata kiziwi angesikia.

Vijana wamoja walianza kucheka. Papa Honoré akapiga filimbi, wakaacha. Noëlla alikuwa pale, anatafuna. Akauliza: kukaa dakika ngapi? Papa Honoré akasema haiko dakika, ni adabu.

Na nani atagawa élastique? Guy! Juu iko na moto na anajulikana Kasha. Nilisema hapana, haifae, ni bwana yangu. Wakasema aah Maman Carine, tunamuamini. Basi. Mimi nilisema.

Siku ya posho, 26 octobre

Salongo asubui, usafi ya mutaa wote. Tumetosha matope ku mutaro, mugongo inauma. Siku ya mbele ya mbio! Chef d'avenue hajue mambo ya michezo.

Dossard yangu, kitambaa ya namba ya kifua, ni numéro 8. Carine, binti yangu, ameishona ku maillot, na uzi mwekundu, amejichoma kidole. Jeep bado. Wanasema leo walisukuma, imetoka, imekwama tena mbele.

Nimekula fufu na sombe, nimeomba, nalala. Noëlla, jitayarishe!

Siku ya Mungu, 27 octobre

Nimerudi nyumbani. Dossard ingali ku kifua. Naandika yote, la sivyo nitapasuka.

Tulianza kisha misa ya kwanza. Place ilijaa, ma motard hawakutaka kusimama, policier alipiga filimbi yake na Papa Honoré yake, hakuna mwenye alijua filimbi gani ni ya kuanza. Tulianza tu! Vijana walishuka Brasserie sawa watu wenye nyumba inawaka. Ku mulima ya Bagira nikawakuta wamoja wamoja, mikono ku magoti. Nikawaambia pole, nikapita.

Na katikati ya mulima — Noëlla. Kupumua yake nilisikia mbele ya kumuona. Nikapita. Sikuangalia pembeni. Kwa mara ya kwanza mu maisha yake ameona mugongo YANGU! Watu ya Bagira wanapiga sufuria, Carine juu ya ukuta anaita maman, maman! Nilikuwa naruka. Nasema kweli, nilikuwa naruka.

Kasha. Wameinua bâche sawa walivyoahidi. Wanaume wa mbele walikuwa wamekwisha kukaa na kwenda. Mwanamuke wa kwanza ni mimi. Nilikaa. Nilimupa Maman Martine mukono, nikasema pole maman, pole sana, na matako yangu ilikuwa tayari inainuka.

Akashika mukono yangu na mikono yake mbili.

Hakuachilia. Aliangalia jasho yangu ku mukono, alipitisha kidole juu yake. Akasema, pole pole, sawa anaongea peke yake: yeye pia alikuwa ananirudilia hivi, na jasho, anaomba maji.

Nyuma yangu, miguu. Noëlla. Hakupunguza ata kidogo. Alinyakua élastique ku vidole ya Guy, akageuka, akaenda. Guy akalalamika: kaa! Kaa, wee musichana! Hakuna. Wamaman waliacha kuimba.

Nilivuta mukono. Naandika hivi juu hakuna mwenye anasoma hapa. Nilivuta. Mama wa maiti ananishika, na mimi navuta, juu ya ndege ya Kinshasa. Hakuachilia. Nikakaa basi. Nikamuangalia. Kisha alishituka, sawa muntu anaamuka, akaniachilia mwenyewe, akasema: basi mutoto yangu, kimbia. Kimbia!

Nilipokea élastique yangu, nikakimbia na hasira ya watu kumi. Ku Brasserie nilimuona. Ku mulima ya mwisho nilisikia chewing-gum yake, naapa! Lakini Place ilifika mbele ya mimi kumupita. Alifika wa kwanza. Mimi nyuma yake, sawa toka hapa na ku mulango. Wa pili. Mara ya tatu.

Halafu makambo, ugomvi. Guy alifika na moto, akasema yote mbele ya komite: huyu hakukaa. Papa Honoré akauliza Noëlla: ulikaa? Akainama kufunga kamba ya basketi zake. Ni tonton yake mwenye alipiga kelele: huyu mushahidi ni bwana ya mwanamuke wa pili! Watu wakacheka. Na ni kweli. Ningekuwa mimi tonton, ningesema vilevile. Wanaume wa mbele walishakwenda, wale wa nyuma walikuwa bado hawajafika. Mwenye aliona ni Guy na watu ya kilio tu.

Muntu ya fédération, na kravati yake mu jua ile, akasema: ni rahisi, tupande tumuulize huyo maman. Kama aliona, atie sahihi, na mimi napeleka jina Kinshasa.

Sahihi! Kumuuliza Maman Martine nani alikaa na nani hakukaa, na kumupa bic!

Ningelisema hapana. Mudomo ilikuwa yangu. Nilinyamaza. Juu Maman Martine akisema ukweli, naenda Kinshasa. Hii haki ni YANGU, sikuiba. Nilikaa ku ile benchi na ilinikata mbio yangu yote.

Papa Honoré amesema watapanda saa kumi, kisha kula. Sisi wawili tufike pia, mimi na Noëlla.

Ingali siku ya Mungu, karibu saa kumi

Guy ametoka ku parking na habari: jeep ya Kamituga imeingia mujini. Imepita mutaa ya Essence. Iko inakuja Kasha. Sasa. Parfait anafika sasa, na komite pia, na karatasi yao! Nimemuambia Guy akimbie na moto, asimamishe Papa Honoré. Amesema: nikimusimamisha, Kinshasa imekwisha, unajua? Nimesema najua. Hakuwasha moto. Amesimama pale inje na clé ya moto mu mukono, ananiangalia, anangojea niseme mara ya pili.

Sijasema mara ya pili.

Na kumbe mulango inapigwa. Noëlla! Amevaa kitenge na kitambaa ku kichwa, hatafune kitu, numéro yake ameitosha. Amenisalimia — kwanza aliuliza watoto, kisha kazi, kisha magoti. Halafu amesema: dada Sophie — jina yangu mwenyewe, haiko Maman Carine! — asubui nilimuona huyu maman, niliogopa, sikuweza. Sasa nataka kwenda kukaa, na siwezi kufika pale peke yangu. Tuende pamoja.

Nilimuuliza: na komite wakikuuliza mbele ya watu, utasema nini?

Amesema: sijue. Shika tu mukono yangu.

Nimeingia mu chumba. Nimemuambia ngoja kidogo, natafuta kitenge. Nasikia jeep inapanda mulima, sijue ni ya nani, ya komite ao ya Parfait. Tukifika pale mimi na yeye, mukono mu mukono, tukae ku benchi moja mbele ya maiti — nani atauliza tena? Nani ata angethubutu? Na ndege yangu ikwishe pale pale, na hakuna mwenye atajua kama niliiacha mimi mwenyewe.

Ananiita inje, pole pole: dada, umeiona kitenge?

Kitenge iko juu ya magoti yangu toka niliingia. Naandika juu yake.