Papa Révérien na Kanda za Suti Nyeupe

Mwaka umetimia, Papa, tangu Jumamosi ile ulipotutoka saa kumi alasiri, saa ile ile ya kipindi chako cha muziki. Mama yetu, mkeo Léoncie, hakuwa pembeni ya kitanda chako. Alikuwa ametoka kidogo kwenye korido ya hospitali kuwaomba wageni wa chumba cha pili wapunguze sauti, ili wewe upumzike. Dakika mbili, si zaidi. Aliporudi ulikuwa umeshakwenda, na tangu siku hiyo hajajisamehe.

Hukuwa mtu wa maneno. Miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha misumari kule Zone Industrielle ya Bujumbura, mashine zikikupigia makelele tangu asubuhi, ulikuwa ukirudi nyumbani Kinanira umeshiba kelele. Ulisalimu, ukanawa, ukauliza nani ana homa na nani hajala, basi. Lakini mikono yako haikuwa mivivu. Jirani akiharibikiwa na pasi au kufuli alijua pa kuja, na akianza kukushukuru sana ulikimbilia uani.

Ila Jumamosi! Jumamosi ulikuwa mtu mwingine kabisa. Saa kumi kasorobo umeshavaa shati safi, umeiweka radiokaseti juu ya kiti, unaisogeza mpaka iguse televisheni, maana waya wa kuziunganisha hukuwahi kuupata. Nusu ya mtaa imejaa sebuleni, watoto sakafuni, kina mama kwenye viti. Hapo unageuka na kupaza sauti, mara moja tu kwa juma zima: "Munyamaze! Mwenye anataka kukohoa atoke saa hii!" Kisha unabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, unainua kidole, na hata kuku wa Mama walikuwa wakikuheshimu.

Zilikuja nyimbo za Kinshasa, za Paris, za Nairobi, na za vijana wetu wa hapa Buja wenye suruali pana. Jina la wimbo lilipita kwenye kioo hata hujavaa miwani, kwa hiyo uliandika ulichokiona. Kwenye kanda zako hakuna jina hata moja la mwanamuziki. Kuna "Suti nyeupe". Kuna "Dada wa ngazi". Kuna "Wanaume watatu na mvua". Tulipopata televisheni ya rangi ikaonekana suti ni ya njano, njano ya ndizi mbivu, na binti yako Elvire akacheka mpaka akagaragara chini. Ulikataa kubadilisha. "Mi niliiona nyeupe," ulisema, na mjadala ukaishia hapo. Mpaka leo, wimbo wa ngazi ukipigwa ndani ya teksi, sisi tunauona kwanza mguu wa yule dada ukishuka, ndipo tunamsikia akiimba. Elvire ameshawahi kulia hivyo mbele ya watu wasiomjua, akasingizia vumbi.

Sasa tukueleze yaliyotokea. Mwezi uliopita familia ilikutana kupanga siku ya kuganduka, tuondoe msiba rasmi kama desturi inavyotaka mwaka ukitimia. Mwanao Claude alitaja tarehe, wajomba wakaitikia. Mama akatikisa kichwa.

"Apana. Mi siganduki. Nimeanza kusahau sauti yake. Munitafutie sauti yake niisikie hata mara moja, nitaganduka."

Tulipekua simu zetu zote. Picha zipo tele. Video ya harusi ya Elvire ipo, na humo umekaa na Fanta yako, kimya, kama kawaida yako. Ndipo Joëlla, kitindamimba wako, akakumbuka kanda. Zilikuwa thelathini na moja, ndani ya katoni ya sabuni juu ya kabati, na vumbi lake. Claude alishawahi kumletea Mama nyimbo zile zile kwenye flash, safi, amezitafuta mwenyewe kwenye intaneti. Mama alisikiliza mbili akamrudishia. "Hizi si zetu," alimwambia. "Zetu ziko na kelele ya masufuria."

Radiokaseti ilikuwa imekufa zamani. Rafiki yako Mzee Radjabu, fundi wa redio wa Buyenzi, aliichukua, akaja nayo nyumbani baada ya siku nne, inazunguka. "Huyu mutu alinisumbua na hii mashine miaka yote," alisema akijifuta macho, "na hata sasa hajaniacha."

Jumamosi mbili tulikaa tukisikiliza. Tuliwakuta wote humo. Elvire akipiga chafya. Claude wa miaka sita akinong'ona, "Papa, ni ile ya suti?" Bibi, mama yako, akiomba maji kwa Kirundi chake cha kwao Kirimiro. Jirani yetu Mama Khadidja dirishani, anaomba kaa la moto. Mama mwenyewe, bado kijana, akizuia kicheko kikamshinda. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena.

Lakini wewe hukuwemo. Ulitunyamazisha kabla ya kubonyeza, na ulipobonyeza ulikuwa wa kwanza kutii. Tulikuwa tunakatisha nyimbo kabla hazijaisha, tunarukia inayofuata, tunakutafuta. Mama aliketi wima, mikono magotini, na kila kanda ilipogeuzwa uso wake uliinuka kidogo. Ya thelathini na moja ilipokwisha akasema polepole, "Sisi wote tuko humu. Ye tu ndiye haiko."

Papa, tuliumia kuliko siku ya kukuzika.

Mzee Radjabu hakunyanyuka. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye mashine kama anavyofanya kazini. Akairudisha kanda nyuma kidogo. "Ngojea, shemeji. Musiikate. Sikiliza huku mwisho, kabla izimike."

Wimbo ukaisha. Makofi ya kwenye televisheni yakafifia. Halafu, kabla ya mlio wa kitufe, ikasikika pumzi. Ndefu, nzito, ya mtu aliyejibana kifua wimbo mzima ili asiuharibu, na sasa anaiachia. Kisha tak. Imezimwa.

Mama akajiziba mdomo. "Ni ye," akasema. "Ni ye huyo. Rudisha."

Radjabu akarudisha. Tukaweka kanda nyingine, na nyingine. Mwisho wa "Dada wa ngazi", upo. Mwisho wa "Wanaume watatu na mvua", upo. Miaka yote hiyo ulikuwa umekaa pale mwishoni na sisi tunakuruka.

"Siku ile nilitoka kunyamazisha watu," Mama alisema, "pumzi yake ya mwisho ikapita mi siko." Joëlla alitaka kumkumbatia, Mama akakataa. Aliinua kidole, kama wewe, na sebule nzima ikatulia. Akaisikiliza pumzi yako tena mpaka mwisho. Hakuna aliyekohoa.

Basi Jumamosi hii tunaganduka, nyumbani Kinanira, baada ya misa. Mama amekubali. Amesema hataki hotuba ndefu, nawe usingezipenda. Saa kumi kamili alasiri itapigwa kanda moja tu, "Suti nyeupe". Ndugu na marafiki mtakaokuja, tunawaomba jambo moja: wimbo ukiisha msipige makofi. Subirini kidogo.

Unakumbukwa na mkeo Léoncie, watoto wako Claude, Elvire na Joëlla, mkweo Faruk, wajukuu wako Bella na Amélie, ambao bado wanabishana kuhusu rangi ya suti, rafiki yako Radjabu wa Buyenzi, wenzako wa kiwandani, na majirani wote waliokaa sakafuni kwako Jumamosi.

Tutakukumbuka siku zote, Papa. Tumenyamaza.