Nyayo za Babu Zinarudi Kwenye Mbao Nilizozipiga Msasa

Mpendwa mama mshauri, naomba msaada, na kama inawezekana jibu litoke gazetini Jumatano hii hii, maana Jumamosi bibi yangu anarudi nyumbani na sijui nimpokee mlangoni au nipitie dirishani nipotee.

Nijitambulishe kwanza, usije ukadhani umeandikiwa na mtu hivi hivi. Mtaani wananiita Msasa. Shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, lakini nipe sakafu ya mbao iliyochakaa na siku nne, utaikuta inang'aa mpaka paka anaogopa kuikanyaga akidhani ni maji. Kazi nilijifunza kwa kuwachungulia mafundi, na sasa hao mafundi wananichungulia mimi.

Sakafu ninayokuandikia ni ya chumba cha bibi. Ni mbao za mwaloni, ngumu kama kichwa cha mjomba wangu. Babu alizinunua wakati ukumbi mmoja wa zamani unabomolewa, akazichagua moja moja kwa kuzigonga na mkongojo wake na kusikiliza, ambayo hailii vizuri anairudisha. Babu mwenyewe alifia humo chumbani miaka mitatu iliyopita. Kila asubuhi alikuwa anaamka, anashika mkongojo mkono wa kulia, anajikokota peku kutoka kitandani mpaka dirishani, anakaa kwenye kiti kutazama wapita njia, na asubuhi ya mwisho alikwenda hivyo hivyo, bibi akaja na chai akamkuta ametulia, macho yamekazia barabara.

Sasa bibi amefanyiwa upasuaji wa macho, anauguzwa kwa shangazi, na wanasema ataona vizuri kuliko alivyoona miaka kumi yote iliyopita, nikajisemea nimfanyie jambo kubwa, akute chumba kipya. Mjomba akasema, "Ng'oa hizo mbao, weka vigae, tumalize."

Nikamwambia, "Mjomba, vigae ni vya chooni."

Mbao mbili za karibu na dirisha zilikuwa zimeoza kwa mvua, nikaenda kwa muuza mbao na kipande mfukoni, akaniletea mti mwingine kabisa kaupaka rangi. Nikamwambia, "Mzee, huyu mwaloni ni wa kambo." Akacheka, akanitolea wa kweli, wenye ile mistari inayomeremeta ukiuinamisha ubao kwenye mwanga.

Basi nikapiga mashine ya msasa, mkali kisha laini, nikasugua kwa steliwaya, hizi nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, mpaka mbao zikawa kama shavu la mtoto, nikafuta kwa kitambaa kibichi. Na kwa kuwa mimi ni msafi, nikanawa miguu kwenye beseni pale kilipokuwa kitanda, nikalibeba beseni kiunoni upande wa kushoto, nikaenda dirishani nikamwaga maji, na mimi mwenyewe nikaruka nje, maana mlangoni nilikuwa nimeegesha mashine. Mchana nikaiondoa mashine mlangoni, nikarudi na soksi safi, nikapaka vanishi ya maji, ile isiyonuka, nikatokea mlangoni, nikafunga. Ufunguo ninao mimi peke yangu.

Kesho yake saa sita, jua limejaa chumbani, nikafungua. Mama mshauri, chini ya vanishi, ndani ya mbao zenyewe, kuna nyayo. Nyeusi, rangi ya wino. Zinaanzia kitandani zinaishia dirishani na hakuna hata mmoja unaorudi. Wayo wa kushoto umegeukia nje, na kidole gumba hakikugusa chini. Huo ni mguu wa babu, hakuna asiyeujua humu nyumbani. Na kando ya kila wayo wa kulia kuna kidoa cha mviringo, kidogo kama kifungo cha shati. Mjomba alikuja kunicheka, akafika mlangoni, akavua kofia. "Nani kamfungulia?" akauliza, na jibu hakulisubiri.

Nikapiga msasa upya, nikasugua, nikafuta, nikanawa, kila kitu kwa utaratibu wangu, nikapaka. Zikarudi. Mara ya tatu zikarudi nyeusi zaidi, ndizo zilizopo sasa. Mimi siogopi kitu. Wadogo zangu huwa wananiigiza ninavyotembea, eti kama bata, kumbe ni madaha tu, na sijawahi kumpiga hata mmoja. Lakini siku hizi nikiingia chumba hicho naimba kwa sauti, mchana kweupe.

Kilichonimaliza ni simu ya bibi. Sikumwambia neno lolote, naapa. Akauliza, "Umefika dirishani?"

"Nimefika bibi, panateleza utadhani pamepakwa mafuta."

Akasema, "Basi usimzibie njia."

"Nani, bibi?"

"We fanya kazi."

Nichagulie mama. Ning'oe mbao za njia hiyo yote nimwambie zililiwa na mchwa, au nitandike zulia nikae kimya? Presha yake iko juu na daktari amesema asishtuliwe. Nikimuua bibi yangu kwa sakafu, sura yangu hii nzuri nitaipeleka wapi?

Ni mimi, Msasa.

*

Msasa mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimewasha taa zote na bado ilikuwa alasiri. Pole. Sasa kaa chini nikugombeze.

Ulichungulia mafundi, lakini ulichungulia nusu. Nimempigia seremala mmoja mzee ninayemwamini, nikamsomea barua yako, na nilipofika kwenye steliwaya akaguna kama mtu aliyekanyagwa. Mwaloni una maji yake ya ndani, makali, na yakikutana na chuma na unyevu yanageuka wino. Ukisugua mwaloni kwa steliwaya unaacha humo unga wa chuma usioonekana. Halafu ukapita juu yake na miguu mibichi, halafu ukapaka vanishi ya maji. Kila ulipofuta kosa kwa steliwaya uliongeza chuma, ndiyo maana zikazidi weusi. Unanawa kitandani, unatembea mpaka dirishani, unaruka nje. Unataka nyayo zirudi kwa njia gani?

Hizo nyayo ni zako. Hukubali? Lowesha mguu wa kushoto, kanyaga gazeti, hata hili lenye barua yako, uniambie kidole gumba kiko wapi. Wadogo zako wanaona kitu ambacho wewe unakiita madaha. Unatembea kama babu yako, mwanangu, na katika nyumba nzima ni wewe tu hujaambiwa.

Sasa nisikilize vizuri. Mbao usizing'oe. Mtu alizichagua moja moja kwa sikio lake, wewe uzing'oe kwa sababu ya uoga na umsingizie mchwa? Na zulia usitandike. Bibi anapewa macho mapya, zawadi yako ya kwanza iwe kumfunika? Hata hivyo, yeye hashtuki, anayeshtuka ni wewe. Mpigie leo, kabla ya kula. Mwambie ulichokiona na ulichokosea, kwa maneno machache, bila kujisifu. Umwache aseme anataka nyayo zibaki au zitoke. Akitaka zitoke, duka la rangi wanauza dawa ya kuondolea kutu kwenye mbao. Vaa glavu, ziba pua, suuza, kausha siku mbili, piga msasa wa karatasi peke yake, kisha vanishi ya mafuta. Itanuka, na bibi atalala sebuleni wiki nzima. Steliwaya rudisha jikoni.

Zimebaki hizo alama ndogo za kando. Nilitaka kukuandikia kwamba ni matone ya beseni na nifunge barua. Lakini umesema mwenyewe beseni ulilibeba kushoto, na vidoa viko kulia. Nikamuuliza seremala. Akataka kujua kama vinatofautiana, kwa sababu tone huanguka popote na kwa ukubwa wowote. Nikamsomea tena ulipoandika, kando ya kila wayo, kama kifungo cha shati. Akasema ana kazi inamsubiri, akakata simu.

Kwa hiyo hilo sina jibu lake, na sitakutungia. Hayo muulize bibi, maana inaonekana alijua kabla yako. Ila siku utakapokirudisha kitanda na kabati, iache wazi ile njia ya kutoka kitandani mpaka dirishani. Kiti kiweke pale kilipokuwa, kikitazama barabara. Na tangu leo, ukimaliza kunawa miguu, utokee mlangoni kama watu wengine. Dirisha lina mwenyewe.