Mama Riwaya na Vitabu Alivyochomewa

Mwaka umetimia, mama, tangu mguu wako uache kukanyaga cherehani, na chumba cha mbele bado kinanukia mafuta ya mashine na karatasi kuukuu.

Mtaa mzima ulikuita Mama Riwaya. Ulishona huku kitabu kimeegemezwa kwenye mkebe wa vifungo, na mteja akiona pindo limekwenda upogo alijua hapo ndipo mfalme alipomshika kijakazi mkono. Ulisoma mapenzi ya kila namna: ya mizimu inayowarudia wapenzi wake, ya enzi za majumba ya kifalme, na yale ya roho mkononi, ambamo mchumba huenda ndiye muuaji. Baba alikuwa akikutania, "Huyo bwana wa kaburini ana nini nisichonacho mimi niliye hai?" Nawe, bila kuinua macho: "Yeye akiambiwa jambo, anasikiliza."

Kila msichana aliyekuja kwako analia ulimpa chai, kisha riwaya. "Soma hii kwanza, halafu uniambie kama huyo wako anastahili machozi."

Tulipokulaza hospitali, shangazi, dada yake baba, alibaki na funguo. Alitoa vitabu vyako vyote, akavitia kwenye pipa uani, akavitia moto. Ulirudi hujiwezi, ukapapasa chini ya mto. "Kitabu changu kiko wapi? Nimemwacha yule binti amefungiwa ghalani na muuaji."

Shangazi akasema, "Nimekusafishia nyumba, wifi. Mgonjwa anataka sala, si mahawara wa kwenye karatasi."

Uligeukia ukutani, na hukutuomba tena kitu chochote mpaka ulipokata roho. Hilo ndilo linalotuchoma. Ugonjwa ulikuchukua, sawa. Lakini furaha yako ya mwisho iliporwa na mtu mwenye afya yake.

Binti yako mkubwa alizunguka kwenye meza za vitabu vya mitumba mpaka akakipata kile kile, hakina jalada. Tulikusomea kaburini, kwa sauti. Yule binti wa ghalani alitoka, mama. Alivunja mlango mwenyewe, na muuaji alikuwa wakili, kama ulivyotuapia.

Halafu tukamgeukia shangazi. Kile chumba cha uani alichojifanyia chake tumekijaza riwaya mpaka darini, na mlango uko wazi kwa mwanamke yeyote wa mtaani. Yeye amehamia kwa mwanawe, na wanaotoka huko wanasema hakuna anayemsemesha. Hatukusikitika hata chembe.

Juzi alikuja kuomba aseme neno kwenye kumbukumbu yako. Baba, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumpinga dada yake, alisimama akaziba mlango. "Dada, ulimnyamazisha mke wangu akiwa hai. Leo ni zamu yako kunyamaza." Akafunga kwa komeo.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, mwanao fundi bomba, wajukuu, dada zako, na wasichana wote uliowapa chai. Shangazi hayumo katika tangazo hili la gazeti, wala si kosa la mpiga chapa. Tutakupenda mpaka nasi tufukiwe, mama. Na tunajua shangazi analisoma.